Nyerere Alifunga, Mwinyi Akafungua?

Mombasa tuna njia fupi ya kueleza uchumi wa jirani zetu: Nyerere alifunga, Mwinyi akafungua, Tanzania ikashiba. Maneno hayo hayamalizi hata kikombe kimoja cha kahawa tungu, na pengine ndiyo sababu yanapendwa barazani. Yangebaki mazungumzo ya jioni nisingekuwa na neno. Lakini tangu mwaka 2023, Dar es Salaam ilipotia saini na DP World ya Dubai kuhusu bandari yake, na hapa kwetu suala la kukodisha gati za Kilindini likarudi midomoni, hadithi hiyo imegeuzwa ushahidi. Anayetaka kubinafsisha anaitaja. Asiyetaka anaipindua na kuitaja vilevile.

Mtu wa Mji wa Kale ana haki ya kuingilia shauri hili, kwa sababu sehemu ya uchumi ule uliofungwa ilipita mlangoni kwake. Ngome ya Yesu yenyewe, aliyoanza kuijenga Mreno mwaka 1593, kazi yake moja ilikuwa kuchunga biashara: jahazi la Bahari ya Hindi lilitakiwa liwe na hati ya ruhusa ya Mreno na lilipe ushuru, la sivyo mali ilitwaliwa. Kibali hakikuzaliwa Dodoma wala Nairobi. Na palipo na kibali hapakosi mtu anayejua njia ya kukizunguka, hasa penye mikoko na vijito kama pwani yetu kutoka Likoni hadi Vanga.

Tuanze na hoja inayotolewa kwa sauti kubwa kuliko zote, kwamba Ujamaa ulikuwa njaa tangu siku ya kwanza.

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967 na mabenki yakataifishwa papo hapo. Mwaka 1971 yakafuata majumba ya kupangisha. Pamoja na hayo, hadi mwanzoni mwa miaka ya 70 pato la taifa la Tanzania lilikua kwa karibu asilimia 4 hadi 5 kwa mwaka. Si mwendo wa ajabu, lakini si njaa. Kuanguka kulikuja baadaye, tena kwa mafungu. Mwaka 1973 na 1974 kulikuwa na ukame, na bei ya mafuta ikapanda. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa vijiji vya pamoja. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilifutwa na mazao yakakabidhiwa mamlaka za serikali. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu ukafungwa hadi Novemba 1983. Mwaka 1978 Idi Amin akavamia Kagera, na vita vile vilimaliza fedha za kigeni zilizokuwa zimewekwa wakati kahawa ilipopanda bei. Mwaka 1979 mafuta yakapanda tena.

Mtetezi wa Ujamaa akifika hapa hutabasamu: unaona, walikuwa maadui wa nje! Asitabasamu mno. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho. Katikati ya miaka ya 80 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Si Waarabu wa mafuta waliomhamisha mkulima wa Newala akaiacha mikorosho yake maili kadhaa nyuma, ikaota msitu. Ugonjwa wa ubwiri unga ulichangia, sawa, lakini hata ugonjwa humshinda zaidi mtu asiyeona faida ya kununua dawa. Mamlaka ya korosho ilimlipa kidogo na kwa kuchelewa, na dukani hapakuwa na cha kununua hata alipolipwa. Mkulima yule hakuandamana. Aliacha kupalilia.

Ndiyo maana kwangu mimi swali la nani anamiliki, serikali au mtu binafsi, huja la pili. La kwanza ni hili: aliyeotesha zao analipwa kiasi gani cha bei ya nje, analipwa lini, na fedha aliyolipwa inanunua nini? Nitalishika swali hilo hadi mwisho.

Sasa tuje kwa Mzee Ruksa. Inasemwa kwamba Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu Novemba 1985, akafungua milango, uchumi ukaruka.

Milango ilianza kufunguliwa Nyerere akiwa bado yumo ndani. Bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Cleopa Msuya, ilishusha thamani ya shilingi, ikaondoa ruzuku ya sembe, na ikaruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Mwaka mmoja tu kabla yake, 1983, serikali hiyohiyo ilikuwa imeendesha msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Watu waliogopa wakatupa mali vichakani na baharini, na maduka yakazidi kuwa matupu. Mwinyi naye alikuwa ameanza ruksa yake upande wa pili wa maji: alikuwa Rais wa Zanzibar tangu Januari 1984, na akiwa na Waziri Kiongozi Seif Sharif Hamad aliwaachia wafanyabiashara walete bidhaa kutoka Dubai. Alipopanda ngazi kwenda Dar es Salaam alikuwa na jaribio mkononi.

Kwani hizo fedha za kigeni ambazo Msuya aliahidi kutouliza zilipotoka zilitoka wapi? Wengine tulio upande huu wa mpaka tuna jibu. Zilitoka kwa kahawa, dhahabu, meno ya tembo na karafuu zilizovushwa kimagendo na kuuzwa mahali ambapo shilingi ilinunua kitu. Karafuu za Pemba ndizo mfano wetu. Shirika la Biashara la Zanzibar, ZSTC, lililoundwa mwaka 1968, lilikuwa mnunuzi pekee kisheria, na kwa miaka mingi lilimpa mkulima sehemu ndogo sana ya bei ya nje. Hivyo mashua ziliondoka Pemba usiku zikaelekea Shimoni na Vanga, na gunia likaingia Mombasa kabla ya wiki kwisha. Kenya haina mashamba ya karafuu ya kutajika, lakini karafuu ziliuzwa nje kutoka hapa. Kurudi, mashua zilibeba sabuni, khanga, mafuta ya kupikia, betri na dawa ya meno.

Wachumi wawili wa Tanzania, T. L. Maliyamkono na M. S. D. Bagachwa, waliandika kitabu juu ya uchumi huo wa pembeni mwaka 1990. Walikadiria kwamba katikati ya miaka ya 80 ulifika karibu asilimia 30 ya pato rasmi. Fikiri maana yake. Masharti yalipolegezwa, sehemu ya kile tunachokiita ukuaji wa miaka ya mwanzo ilikuwa biashara ya zamani iliyotoka gizani ikaandikwa kwenye daftari. Na daftari lenyewe halikuwa la kuaminika: Watanzania walipohesabu upya pato lao mwishoni mwa miaka ya 90, walikuta uchumi mkubwa mno kuliko ule waliokuwa wakiripoti. Soko lilikuwapo muda wote. Lilikuwa limehamia kwetu na kwa majirani wengine.

Nataka nisieleweke vibaya. Kutoka gizani ni faida. Mtu asiyehonga askari wa doria hubaki na fedha ya kununua jembe, na mali iliyopitia forodhani hulipa ushuru. Lakini faida hiyo hupatikana mara moja tu. Baada yake lazima kitu kingine kikue, na hapo ndipo hadithi ya baraza inapokwama, kwa sababu takwimu hazikuruka. Kati ya 1992 na 1994 uchumi wa Tanzania ulikua kwa asilimia 1 hivi kwa mwaka, chini ya ongezeko la watu. Hiyo ni miaka 8 baada ya ruksa! Mfumuko wa bei ulikuwa ungali karibu asilimia 30. Shilingi iliyokuwa 17 kwa dola mwaka 1985 ilikuwa imefika 195 mwaka 1990.

Hapo huruka mwingine aseme: basi ni Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, ndilo lililookoa jahazi, au, kwa wa mrengo wa pili, ndilo lililolizamisha.

Ugomvi na IMF ulianza mapema. Edwin Mtei alijiuzulu uwaziri wa fedha Desemba 1979 kwa sababu Nyerere alikataa masharti ya shirika hilo. Mkataba ulitiwa saini Agosti 1986, na misaada ikamiminika. Fedha hizo zilileta vipuri, mafuta na malori, na bila malori pamba ya Shinyanga ingeozea ghalani. Huo ni ukweli, na wanaomlaani mkopeshaji hawana budi kuusema.

Lakini mkopeshaji hakuwa na dawa ya kila kitu. Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, iliendelea kukopesha mashirika ya umma yasiyolipa, na kila yasipolipa, noti mpya zilichapishwa. Misamaha ya kodi ilitolewa ovyo hadi wafadhili wakazuia fedha zao mwaka 1994. Mambo yaligeuka serikali ilipojengwa, wala si ilipopunguzwa. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilianza kazi Julai 1996. Chini ya Rais Benjamin Mkapa hazina ilitumia ilichokusanya tu, mwezi kwa mwezi. NBC iligawanywa mwaka 1997. Mfumuko wa bei ukashuka chini ya asilimia 10 kufikia 1999, madeni yakasamehewa mwaka 2001, na miaka ya 2000 ukuaji ukatulia kwenye asilimia 6 hadi 7 kwa mwaka. Soko lilihitaji mtoza ushuru asiyehongeka kirahisi na benki inayodai deni lake. Hayo yalichukua muongo mzima baada ya milango kufunguliwa.

Sisi wa Kenya nasi tuna kiburi chetu. "Wao walipanga uchumi, sisi tulikuwa soko huria." Nimesikia haya kutoka kwa watu wazima wanaokumbuka vizuri foleni za mahindi ya njano mwaka 1984.

Watanzania walituita manyang'au, nasi tukaichukua kama sifa: angalau fisi anakula. Lakini waraka wa sera wa serikali ya Kenya wa mwaka 1965, ule Nambari 10, ulijitangaza kuwa wa Ujamaa wa Kiafrika, na mwaka huohuo serikali iliunda shirika la biashara la taifa, KNTC, likapewa bidhaa za kugawa. Bei ya unga, mkate, maziwa na sukari ilitangazwa na serikali, na mkaguzi angeweza kukusimamisha kizimbani kwa senti. Kuagiza mali nje kulihitaji leseni. Kumiliki dola bila idhini lilikuwa kosa. Bodi ya nafaka ndiyo iliyomiliki biashara ya mahindi, na kuyahamisha kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Mizani ya barabarani ikawa riziki ya polisi. Udhibiti wa mahindi uliondolewa mwishoni mwa 1993. Sheria ya kudhibiti fedha za kigeni ilifutwa Desemba 1995. Kwa hiyo Kenya na Tanzania tulifungua milango karibu wakati mmoja, na kwa mambo kadhaa Tanzania ilitutangulia.

Tofauti ni kwamba upande wetu mali binafsi haikutaifishwa kwa wingi, mkulima wa chai na kahawa alilipwa vizuri zaidi kuliko mwenzake wa Kilimanjaro au Bukoba, na Mombasa ilikuwa na viwanda na bandari vinavyofanya kazi. Hilo lilitosha kufanya duka la Marikiti lionekane pepo kwa mtu aliyetoka Tanga. Kisha tazama yaliyotupata tulipolegeza: kashfa ya Goldenberg, iliyolipa fidia kwa dhahabu isiyokuwapo, ilikula fedha za umma kati ya 1990 na 1993, mfumuko wa bei ukapita asilimia 40 mwaka 1993, na kwa muongo wote wa 90 uchumi ulikua kwa karibu asilimia 2 tu kwa mwaka. Milango ilikuwa wazi. Waliokuwa nayo karibu ndio waliobeba.

Hoja ya viwanda ndiyo chungu kuliko zote, na anayeitoa mara nyingi ni mtu aliyepoteza kazi. Husema soko huria ndilo lililoua viwanda vyetu. Sitamjibu kwa dharau. Mitumba ilipoingia bila kizuizi, viwanda vya nguo vilifungwa nchi zote mbili. Rivatex ya Eldoret ilikuwa hoi kufikia mwisho wa miaka ya 90. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilibinafsishwa mwanzoni mwa muongo ule na hakikuumaliza.

Hata hivyo tusiwape wafu sababu moja ya kifo. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, Kwale, kilikufa mwaka 1988, wakati sukari ya nje ilikuwa bado inadhibitiwa na hakuna aliyekuwa akisema ruksa. Tanzania, kabla ya mlango wowote kufunguliwa, viwanda vingi vilifanya kazi chini ya theluthi ya uwezo wake kwa kukosa vipuri, umeme na malighafi. Viwanda vya kubangua korosho vya kusini vilijengwa miaka ya 70 kwa mikopo ya nje, ikiwemo ya Benki ya Dunia, na vilipokamilika korosho zenyewe zilikuwa zimekwisha. Huo ulikuwa ni mpango, tena wa wataalamu, si soko.

Soko nalo lina lake la kujibu. Bei ya korosho ilipoachiwa mwanzoni mwa miaka ya 90, wakulima walirudi mashambani na mavuno yakavuka tena tani 100,000 kufikia mwisho wa muongo. Viwanda vikauzwa kwa watu binafsi, na vingi vikageuzwa maghala ya korosho ghafi zinazosafirishwa India. Baadaye mnunuzi mwingine mkubwa akatokea: Vietnam. Nchi hiyo ilianza mageuzi yake Desemba 1986, miezi minne baada ya Tanzania kusaini na IMF, ikiwa maskini na imechoshwa na vita. Leo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa, na sehemu ya korosho inazobangua hutoka Mtwara. Wote wawili walifungua mlango. Mmoja alijenga ubanguaji nyuma ya mlango, akamsaidia mbanguaji mdogo kupata mashine na mkopo. Mwingine aliuza kiwanda na hakuuliza tena kinafanya nini.

Ubinafsishaji uliofanikiwa upo. Wenzangu barazani hawapendi nikiutaja kwa kuwa ni wa bia: Tanzania Breweries ilikabidhiwa South African Breweries mwaka 1993, ikaacha kuwa mzigo kwa hazina, ikawa mlipa kodi mkubwa. Lakini mnywaji alikuwapo akingoja, na mtaji ulikuja na mnunuzi.

Kuhusu wanaodai kwamba Tanzania ingekua haraka kama ingefungua kila kitu kwa siku moja, sina mengi. Poland ilifanya hivyo Januari 1990 na kufikia 1996 ilikuwa imepita pale ilipokuwa mwaka 1989. Urusi ilijaribu vivyo hivyo na pato lake likapungua kwa karibu asilimia 40 kabla ya 1998. China ilikwenda polepole, ikaanza na mkulima, ikapita wote. Kasi peke yake haielezi kitu.

Karafuu zinaeleza zaidi. Kwa miaka mingi Zanzibar ilipambana na magendo kwa doria na jela, na haikushinda. Kuanzia mwaka 2011 serikali ya Dk. Ali Mohamed Shein iliamua kumlipa mkulima karibu asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. ZSTC ilibaki ya serikali na ilibaki mnunuzi pekee. Hakuna kilichobinafsishwa. Magendo ya kuja huku kwetu yakapungua mno, kwa sababu hapakuwa na faida ya kuhatarisha mashua. Watu wa soko hawaupendi mfano huo, na watu wa mpango pia hawaupendi, maana unaonyesha kwamba shirika lilelile lingeweza kulipa vizuri miaka 40 mapema.

Imebaki ile hoja ya mwisho, kwamba Tanzania ikashiba. Kwa kipimo cha serikali yenyewe, mwaka 1991/92 watu wa Tanzania Bara walioishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi walikuwa karibu asilimia 39. Mwaka 2000/01 walikuwa karibu 36. Mwaka 2007, baada ya miaka ya ukuaji wa asilimia 6 na 7, walikuwa karibu 34. Dhahabu ya Geita, simu na majengo ya Dar es Salaam vilikua haraka, na wenye jembe la mkono walibaki nyuma, ilhali wao ndio wengi wa Watanzania. Katika muongo uleule wa mageuzi ada za shule zilirudishwa, na uandikishaji wa shule za msingi, uliokuwa fahari ya Nyerere, ukashuka. Ada hizo zilifutwa mwaka 2001 na watoto wakajaa madarasani hadi wakakaa chini. Uamuzi huo ulikuwa wa serikali, ukasaidiwa na msamaha wa madeni, na hakuna soko ambalo lingeuchukua kwa niaba yake.